BANGO LA GHOROFA LINAKUHUSU WEWE MPANGAJI

(Hotuba iliyotolewa mbele ya vijana wa tawi, Magomeni, Dar es Salaam. Tunaichapa ili nawe ambaye hukuwapo uisome.)

Mwenyekiti ameniomba niseme kwa kifupi. Nitajitahidi, ingawa mnanijua.

Pale kona, mbele ya nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, pamesimamishwa bango. Ni wiki ya pili sasa. Wenye bodaboda mmeegesha pikipiki mbele yake, na muuza mitumba ametundika suruali juu yake. Nimewauliza vijana kumi wa kijiwe hiki bango limeandikwa nini. Tisa wakanijibu, "Hayo mambo ya wenye nyumba, mzee." Wa kumi aliniomba sigara.

Basi nitakusomea mimi. Limeandikwa kwamba mwenye kiwanja anakusudia kubadili matumizi, kutoka makazi kuwa makazi na biashara, ajenge ghorofa nane. Mwenye pingamizi aandike barua kwa mkurugenzi wa halmashauri.

Sasa tupige hesabu ya mtaani. Nyumba ile ina vyumba sita, na kila chumba kina watu wake. Barazani yupo kinyozi na fundi cherehani, uani kuna banda la chipsi. Hakuna hata mmoja mwenye hati, wote wamepanga. Karatasi ikishapigwa mhuri, mwenye nyumba anapata chake, mjenzi chake, dalali chake. Wewe unapata notisi ya kuhama. Utakwenda Chanika au Mbagala huko ndani, uamke saa kumi usiku kugombania daladala, uje kufanya kazi palepale ulipokuwa unaishi. Halafu unaniambia si mambo yako?

Kupanga nani akae wapi katika mji huu hakukuanza jana. Mwaka 1891 Mjerumani alitoa kanuni za ujenzi zilizougawa mji: huku nyumba za mawe za Kizungu, kule vibanda. Mwingereza naye akaja na maeneo yake matatu, Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na Mnazi Mmoja ukaachwa wazi katikati ili Uswahilini pasisogee. Kariakoo yenyewe jina lake ni la kambi ya wapagazi wa jeshi la Mwingereza katika vita vya kwanza vya dunia. Tulipopata uhuru majina ya rangi za watu yaliondolewa, ikabaki lugha ya kitaalamu: ujazo mdogo, ujazo wa kati, ujazo mkubwa. Ujazo mdogo ni Oysterbay, bustani na mbwa mkali. Ujazo mkubwa ni wewe na mimi tukigombania choo kimoja. Ramani haikubadilika sana.

Na mipango mikubwa ilikuwepo. Dar es Salaam ilipata mpango kabambe mwaka 1949, ukaja wa 1968, ukaja wa 1979. Sensa ya 1978 ilihesabu mkoa huu watu wapatao 843,000. Sensa ya 2022 imehesabu 5,383,728. Umati wote huu umeingia mjini na kujipanga wenyewe, chumba kwa chumba, bonde kwa bonde, na wakubwa wakibadilisha kiwanja kimoja leo na kingine kesho.

Nisieleweke vibaya. Mimi sipingi ghorofa. Wapo wazee wetu hapa mtaani wanaotaka mji ubaki kama walivyoukuta, mwembe uani na baraza mbele. Nawaheshimu, lakini kijana anayekuja mjini kila siku atalala wapi? Tangu mabasi ya mwendokasi yaanze mwaka 2016 kupita Barabara ya Morogoro, Magomeni ni dakika chache tu kutoka Posta. Mahali kama hapa pakikaa watu wengi ni jambo jema. Afadhali watu mia walale karibu na kazi kuliko mia hao wakae barabarani saa tatu kila siku. Ninachouliza ni hivi: hizo ghorofa nane ni za nani, na wewe umeulizwa?

Maana sheria inasema uulizwe. Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya 2007, inaitaka mamlaka ya upangaji iwaite wadau wa eneo, na rasimu ya mpango iwekwe wazi watu waione. Hata kiwanja kimoja kikibadilishwa matumizi, lazima kuwe na tangazo, na maombi yapite mtaani na kwenye kamati ya mipango miji ya madiwani kabla hayajafika wizarani. Mkazi wa mtaa ni nani? Kwenye uchaguzi wa serikali za mitaa hakuna anayekuuliza hati ya kiwanja. Unaulizwa kama unakaa hapa na kama umetimiza miaka 18. Mpangaji ni mkazi kamili.

Mtaniambia wenyeviti wa mitaa tunawajua walivyopatikana mwaka 2019 na 2024, wagombea wa upinzani walipoenguliwa kwa fomu na visingizio. Kweli kabisa, na hilo hatulisahau. Lakini bango lile halijaengua mtu, liko wazi barabarani. Ukikaa kijiweni ukasema mwenyekiti si wetu, mwenyekiti atashukuru sana, maana kikao chake kitakuwa cha watu saba na soda.

Nami nina kosa langu. Miaka ya nyuma, katika mtaa niliokuwa nakaa, uliitishwa mkutano wa usafi. Tukapitishiwa karatasi ya mahudhurio, nikasaini, nikaondoka kuwahi mpira. Baadaye nikaona muhtasari: mkutano ule ule, majina yale yale, umeridhia uwanja wetu wa mpira umegwe kipande kijengwe fremu za maduka. Jina langu lilikuwa la nne! Tangu siku hiyo sisaini karatasi ambayo juu haikuandikwa ajenda, hata nikipewa na ndugu yangu.

Mtu atasema, mpangaji hana nguvu, na tangu sheria ya kudhibiti pango ya 1984 ilipofutwa mwaka 2005, mwenye nyumba anajipangia. Nakubali. Lakini angalia hapa hapa kwetu, Magomeni Kota. Wale hawakuwa na hati, walikuwa wapangaji kama wewe. Nyumba zao zikavunjwa, wakakaa nje ya eneo lao miaka kumi hivi, wengine kwa jamaa, wengine kwenye vyumba vya kubahatisha. Ila walikuwa na orodha, kaya 644, na orodha hiyo haikupotea. Mwaka 2016 Rais Magufuli akafika akasikia kilio chao. Machi 2022 Rais Samia akafungua maghorofa, nyumba 644. Sisemi walitendewa haki, kwa sababu miaka kumi ni mingi, na wapo waliokufa wakisubiri. Nasema walihesabiwa. Je, ile nyumba ya kona ina orodha? Nani ameandika majina ya wapangaji wake?

Kwa hiyo ukienda kwenye mkutano usiende kupiga kelele, nenda na maswali. Uliza maji taka yataelekea wapi, maana sehemu kubwa ya mji huu haina bomba la maji taka, na karo lililochimbwa kwa ajili ya watu 20 haliwezi kubeba 200. Vyumba vya kupanga vitakuwa vingapi, na vya kulala mtu wa kipato gani? Kinyozi na mama wa chipsi watapewa nafasi chini, au watafukuzwa na mlinzi? Wapangaji wa sasa watapewa miezi mingapi? Na uliza nani atakagua msingi na nguzo. Novemba 16, 2024, jengo la ghorofa lilianguka Kariakoo asubuhi watu wakiwa kazini, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha. Baada ya hapo ndipo Waziri Mkuu alipounda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Ukaguzi ulikuja baada ya mazishi.

Majibu yaandikwe kwenye muhtasari, usomwe palepale, ndipo usaini. Kama hukuridhika, barua ni ukurasa mmoja. Andika jina, chumba unachokaa, sababu zako, peleka nakala mbili, ya kwako igongwe mhuri wa kupokelewa. Asiyejua kuandika vizuri aje kwangu jioni, nipo nyuma ya msikiti, kalamu ninayo.

Mkutano wa mtaa ni Jumapili saa nne, kabla ya mpira, hamna kisingizio. Na wewe wa mitumba, nakuomba uondoe zile suruali kwenye bango, watu wasome.