Asubuhi ya Julai na Namba 13: Kupima Ualkali wa Maji Yaliyomo Ndani ya Zege



Naanza na kosa langu mwenyewe. Asubuhi moja ya Julai, vidole vikiwa vimekufa ganzi kwa baridi, nilitumbukiza elektrodi ya mita ya pH kwenye maji yaliyochanganywa na unga wa zege la nguzo moja. Mita ikasoma 13.0. Nikaandika kwenye fomu: ualkali mkubwa, nondo ziko salama. Mchana, jua lilipokuwa limekipasha chumba, nikaipima tena chupa ileile. Ikasoma 12.6. Ndani ya chupa hakikutoka kitu wala hakikuingia.

Tuko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi za Juni na Julai hapa Sumbawanga zinafahamika. Maji yakipoa, pH ya myeyusho wenye alkali hupanda hata kama alkali ni ileile. Maji ya chokaa yaliyoshiba husoma 13.00 kwenye nyuzi 10 za Selsiasi, 12.63 kwenye nyuzi 20, 12.45 kwenye nyuzi 25, na 12.29 kwenye nyuzi 30. Kwa hiyo chokaa ileile, ikipimwa huku alfajiri na Dar es Salaam mchana, itatoa ripoti mbili zinazogombana. Kitufe cha jotoridi kwenye mita hakitusaidii hapo, kwa kuwa kinairekebisha elektrodi tu; maji yanabaki kama yalivyo.

Zege lililokauka kwa macho halijakauka ndani. Vitundu vyake vyembamba vina maji, na maji hayo yana chokaa. Lakini siku chache baada ya kumwaga zege, wenye nguvu humo ni sodiamu na potasiamu zilizotoka kwenye saruji. Ndizo zinazoivusha pH juu ya 13. Mama anayelainisha maharage kwa magadi anawajua ndugu zao. Ualkali huo huifunika nondo kwa utando mwembamba unaozuia kutu. Ukizidi, hula baadhi ya kokoto: Thomas Stanton alilieleza jambo hilo huko California mwaka 1940, na kikomo cha asilimia 0.60 ya alkali katika saruji kimetumika sana pale kokoto inaposhukiwa. Kokoto zetu hutoka kwenye miamba ya kale sana, na mimi siziamini kwa sura.

Fenoftalini tunaipenda kwa urahisi wake. Tunabandua kipande, tunanyunyiza, zege linageuka waridi, tunarudi nyumbani. Lakini rangi hiyo huanza pH ikipita 8 na kukolea ikikaribia 10. Haitofautishi 10.5 na 13.5, ilhali kati ya hizo haidroksaidi imeongezeka mara elfu. Kazi yake ni kuonyesha kaboni dayoksaidi ya hewani imepenya hadi wapi. Hiyo inaiweza, na huku tunaihitaji, maana kiangazi chetu kirefu chenye upepo huacha zege katika hali ya ukavu nusu ambayo hewa hiyo huipenda. Fundi naye, kwa kuwa hasikii joto, huacha kumwagilia mapema.

Njia ya uhakika ya kuyapata maji yenyewe ni kulikamua zege. Barneyback na Diamond walieleza chombo chake mwaka 1981: silinda nene ya chuma kigumu na pistoni, ikibanwa kwa mamia ya megapaskali. Mashine zetu za kuvunjia vipande vya zege zina nguvu ya kutosha. Pistoni ya milimita 35 ikihitaji megapaskali 500 inadai chini kidogo ya kilonyutoni 500. Tunachokosa ni silinda.

Mpaka silinda ipatikane, tuna njia ya kusaga na kuloweka. Sampuli isagwe haraka na ifungwe, kwani unga ulioachwa wazi hunywa hewa ileile tunayoikimbia. Maji yachemshwe kwanza, yapozwe yakiwa yamefunikwa. Kisha kuna hesabu tunayoiruka: gramu 100 za zege zenye gramu 5 za maji yake, ukiongeza gramu 100 za maji, umeyazimua mara 21. Tena maji uliyoongeza huyeyusha chokaa mpya. Namba 13.0 niliyoifurahia ilikuwa ya chokaa hiyo, ikisukumwa na baridi. Kuhusu maji ya ndani ya nguzo haikuniambia kitu.

Ndiyo maana napendekeza titresheni. Mililita 10 za maji ya chokaa yaliyoshiba humaliza takriban mililita 4 za asidi ya haidrokloriki ya moli 0.1 kwa lita, asubuhi au mchana. Pima hivyo maji ya sampuli yaliyochujwa, upime kalisi kwa titresheni ya pili, uitoe. Kinachobaki, kikizidishwa kwa ule uzimuaji, ndicho kadirio la alkali ya sodiamu na potasiamu. Bureti moja na mkono mtulivu vinatosha.

Fomu yetu ya sasa ina safu ya tarehe na safu ya pH. Naomba ziongezwe mbili: jotoridi la sampuli na mililita za asidi. Chupa ya maji ya chokaa nimekuja nayo, pamoja na unga uliobaki wa nguzo ile, umefungwa. Tutavipima vyote viwili sasa hivi kabla ya chai, chumba kikiwa bado baridi, kisha tena saa nane.