Nyuki wa Chile Wavuka Mpaka

Milima ya Andes ndiyo mpaka mrefu baina ya Chile na Argentina. Watu huuvuka kwa hati na kukaguliwa na maofisa wa forodha. Lakini mwaka 2006 iligundulika Argentina kwamba yupo mgeni aliyevuka bila ya kibali: nyuki mnene mwenye manyoya mengi, Bombus terrestris, ambaye asili yake ni Ulaya.

Jamii ya Bombus haina wenyeji katika Afrika kusini ya Sahara, kwani wengi wao ni viumbe wa nchi za baridi. Hutetemesha misuli mpaka mwili upate moto, ndipo huruka. Kwa hiyo ongezeko la joto duniani linawaumiza. Mwaka 2015 wataalamu walieleza kwamba katika Ulaya na Amerika ya Kaskazini maeneo yao yamepungua upande wa kusini, pengine kwa kilomita 300, wala hawakusogea kaskazini kufidia hasara hiyo.

Hata hivyo, mkasa wa Andes hauwezi kusingiziwa joto peke yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Chile iliruhusu nyuki hao waletwe ili wachavushe nyanya katika mabanda ya plastiki. Nyanya hupenda mtikiso wa nyuki huyu. Faida yake hatuikatai. Argentina, kwa upande wake, ilikataa kuwaingiza. Ikawaje? Nyuki walitoka mabandani, wakapenya mabonde ya milima, wakaenea sehemu kubwa ya Patagonia. Hutoboa maua na kuiba asali yake, na huko wamezonga maua ya rasiberi kwa wingi hata kuyaharibu. Tena wamekutwa na vimelea vya maradhi.

Na mwenyeji je? Bombus dahlbomii, mwenye rangi ya dhahabu na mmoja wa wakubwa kabisa katika jamii yake, ametoweka mahali pengi alipozoeleka. Leo yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini.

Joto la dunia halikutiwa sahihi na ofisa yeyote. Kibali cha nyuki kilitiwa sahihi, katika nchi moja, na hasara wakagawana wawili. Haki ya Chile kujiamulia mambo yake haina ubishi. Lakini je, mdudu mwenye mbawa ni jambo la ndani? Mwaka 2018 wanasayansi wa eneo hilo waliandika kwamba majirani sharti washauriane kabla ya kuagiza viumbe kutoka ng'ambo. Wakati huo nyuki walikuwa wamekwisha kuvuka miaka kumi na miwili nyuma.