Zinki na Mfuko wetu wa Jamii



Miaka hii 10 tumesaidiana kwa mengi. Lakini jamani, tulikuwa tukikopa mfuko wa jamii kununua vidonge vya zinki vya mafua, na mafua huisha yenyewe kwa wiki moja hivi. Zinki ni ya mtoto anayeharisha. Tangu 2004 Shirika la Afya Duniani linashauri apewe pamoja na ORS, kwa siku 10 hadi 14. Sisi tuliacha siku ya tatu kwa kuona amepona. Akina mama, tumalize dozi, inamkinga asiharishe tena upesi. Kwa hilo mfuko utoe siku hiyohiyo, bila riba.