Pwani au JKUAT: Hesabu ya Kijana wa Garsen

Matokeo ya KCSE yakishatoka, saiba za Garsen hujaa. Mwanafunzi aliyepata C+ au zaidi anaingia kwenye tovuti ya KUCCPS, shirika linalopanga nafasi za vyuo vikuu, na kama moyo wake uko kwenye sayansi ya kompyuta, ataona vyuo viwili vikimwita kutoka pande mbili: Chuo Kikuu cha Pwani pale Kilifi, na kile cha Jomo Kenyatta kule Juja, ambacho kila mtu hukiita JKUAT.

Nyumbani ubishi huanza. Mjomba anataka Juja, maana ni karibu na Nairobi na jina lina uzito. Mama anataka Kilifi, maana kutoka Garsen ni basi la Malindi, kisha mbele kidogo, na mtoto akiugua atafikiwa siku hiyo hiyo.

Mjomba hajakosea. JKUAT ilianza mwaka 1981 kwa msaada wa Japani, ikawa chuo kikuu kamili mwaka 1994. Serikali ilipoamua kupeleka vishikwambi katika shule za msingi, JKUAT na kampuni ya Positivo BGH walikuwa miongoni mwa waliopewa kazi hiyo. Na Nairobi ndiko ziliko kampuni. M-PESA ilizinduliwa na Safaricom mwaka 2007, na Microsoft ikafungua kituo chake cha wahandisi jijini mwaka 2019. Mwanafunzi wa Juja anayetafuta nafasi ya mazoezi ya kazini hupanda matatu ya Thika Road asubuhi na kubisha milango kadhaa kabla ya jua kutua. Wa Kilifi hana urahisi huo.

Pwani ni chuo kichanga zaidi. Kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha Kenyatta kuanzia 2007, kikapata hati yake mwaka 2013. Lakini anayedhani Kilifi ni mji wa minazi na ufuo tu hajautazama vizuri. Kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome kipo hapo tangu 1989, na tangu 2000 kimekuwa kikifuatilia uzazi, vifo na uhamaji wa wakazi zaidi ya robo milioni. Rekodi hizo zinahitaji watu wa kuziunda, kuzilinda na kuzichambua. Tena, nyaya za baharini zilizoleta intaneti ya kasi nchini mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, zilitua Mombasa, si mbali na Kilifi.

Kuna jambo ambalo majina ya vyuo hayalisemi. Kuandika programu hujifunzwa kwa vidole: unaandika, inakataa, unasoma kosa, unarekebisha, unarudia hadi usiku wa manane. Asiye na laptopu hungoja zamu yake maabara, na maabara ikifungwa jioni, masomo yake yamefungwa pia. Ukurasa wa kozi kwenye tovuti ya KUCCPS huonyesha alama zilizohitajika miaka iliyopita na gharama ya masomo. Kodi ya chumba Juja haimo, wala nauli ya kuzunguka kupitia Mombasa au Garissa kila likizo, wala bei ya hiyo laptopu. Kwa familia isiyoweza kulipia vyote, Kilifi yenye laptopu ni bora kuliko Juja bila laptopu. Aliye na mfadhili na pa kulala, aende Juja bila kusitasita.

Na kuna Mto Tana. Bwawa la Masinga likijaa na kumwaga, maji husafiri siku kadhaa kabla ya kuwafikia watu wa delta. Siku hizo ni nafasi ya kuhamisha watoto, mifugo na magunia ya mpunga, ikiwa tu habari imefika kijijini kwa lugha inayoeleweka, kwenye simu ndogo isiyo na intaneti. Aprili 2024 barabara ilizama Madogo, karibu na Garissa, watu wakavushwa kwa mashua, na mashua moja ikapinduka na kuua. Kijana wa Garsen anajua ni kijiji gani huzama kwanza na ni njia ipi hubaki kavu. Akiifanya programu ya kutuma onyo hilo kuwa mradi wake wa mwaka wa mwisho, atahitaji kurudi mara kwa mara kuijaribu na wazee wa mtaa, na kutoka Kilifi hilo linawezekana hata kwa wikendi moja.

Zimebaki basari. Za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, kwa kawaida hulipwa moja kwa moja kwa chuo, kama karo. Karo ikishalipwa, mtoto bado hana mashine. Kamati zinazogawa fedha hizo katika maeneo bunge ya Garsen, Galole na Bura zina uwezo wa kushinikiza fungu la laptopu litengwe kwa wanaosomea kompyuta, hata ziwe za mitumba zilizokaguliwa na fundi, na zikabidhiwe kabla ya muhula wa kwanza kufunguliwa.