Kipimo cha Chakula cha Kujenga Mwili

Shibe si afya. Mtu aweza kula ugali mtupu akashiba kabisa, na huku mwili wake wakosa vitu vya kuujenga. Swali ni hili: je, mtu mzima mwenye afya ahitaji kiasi gani cha vitu hivyo kila siku?

Chakula cha kujenga mwili, yaani protini, hupatikana katika nyama, samaki, maziwa na maharagwe. Protini imefanywa kwa asidi za amino, nazo ni za namna 20. Namna 9 kati ya hizo hazina budi kutoka katika chakula. Ikikosekana moja tu, kazi ya ujenzi husimama, kama fundi mwenye mawe na chokaa tele asivyoweza kuezeka nyumba pasipo boriti.

Katika miaka ya 1940 Profesa William C. Rose, wa Chuo Kikuu cha Illinois huko Marekani, alianza kupima jambo hili kwa vijana wanafunzi waliojitolea. Hawakupewa nyama wala maziwa. Walilishwa wanga, sukari, mafuta na vitamini, pamoja na asidi za amino safi zilizopimwa kwa mizani. Kisha asidi moja ilipunguzwa au kuondolewa.

Kila asidi ya amino ina nitrojeni. Kwa hiyo nitrojeni iliyoingia kwa chakula ilipimwa, na iliyotoka kwa mkojo na choo ikapimwa vile vile, kama mwenye duka alinganishavyo mapato na matumizi. Matumizi yalipozidi, ilijulikana kwamba mwili unakula akiba yake. Asidi moja ilipokosekana kabisa, vijana walipoteza hamu ya kula, wakachoka na kuwa wepesi wa hasira. Waliporudishiwa asidi ile, walipata nafuu.

Lakini hesabu ya namna hii ina kasoro. Nitrojeni kidogo hutoka pia kwa jasho, ngozi na nywele, na si rahisi kuikusanya. Haba na haba hujaza kibaba: kisichohesabiwa hufanya mwili uonekane umetosheka kabla haujatosheka.

Katika miaka ya 1980 Profesa Vernon Young na wenzake, katika chuo cha MIT huko Marekani, walitumia njia nyingine. Waliwapa watu wenye afya asidi ya amino yenye kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ya kawaida, isiyo na madhara, kisha wakapima pumzi zao. Asidi isiyopata kazi ya kujenga huchomwa mwilini, na kaboni yake hutoka kwa pumzi. Hivyo pumzi yaonyesha kilichotumika na kilichopotea.

Matokeo yalibadili kipimo. Katika taarifa ya mashirika ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 1985, asidi iitwayo laisini ilikadiriwa kuwa miligramu 12 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu mzima. Katika taarifa ya mwaka 2007 ikawa miligramu 30. Basi mtu wa kilo 60, aliyehesabiwa kutoshwa na miligramu 720, ahitaji 1,800.

Jambo hili lawahusu sana walao mahindi, kwa sababu mahindi yana laisini haba. Maharagwe, kunde na mbaazi zina laisini nyingi, lakini zina upungufu wa methionini, ambayo mahindi huiongeza. Kila kimoja hufidia pungufu la mwenzake. Wapishi wa githeri walivichanganya katika chungu kimoja kabla ya mizani ya wataalamu kuja kueleza sababu yake.

Vipimo hivi ni vya watu wazima wenye afya. Watoto wanaokua, wajawazito na wanaonyonyesha huhitaji zaidi. Basi mwenye nyumba asipime chakula kwa ukubwa wa sima tu, bali atazame pia kitoweo kilicho kando yake.