Taa ya Gari na Upande wa Barabara
Mazungumzo na madereva na mafundi wa Kamenge



Aliyevunjikiwa na taa huenda kwa wauza vipuri, huuliza bei, kisha hulinganisha umbo. Ikiingia mahali pake na kuwaka, huona kazi imekwisha. Lakini taa ya mbele huundwa kwa upande mmoja wa barabara, na jambo hilo halionekani mchana.

Magari yetu mengi hutoka Japani, nchi inayopita kushoto kama Tanzania, Kenya na Uganda. Sisi Burundi, pamoja na Rwanda na Kongo, tunapita kulia. Mwanga wa chini umekatwa kwa mstari, na upande mmoja mstari huo hupanda, ili kumulika ukingo wa njia bila kumpofusha anayekuja. Taa ya Japani hupandisha mwanga kushoto. Kwao, kushoto ni kwa mwenda kwa miguu. Kwetu ni kwa dereva anayekukabili. Ndiyo maana, ukipanda usiku kutoka Kamenge kuelekea Bugarama, watu hukulaumu ingawa umekwisha kushusha taa. Kulia kwako nako, alipo kijana wa baiskeli aliyeng’ang’ania lori, mwanga ni haba. Hao wawili ndio wanaolipia bei nafuu uliyoipata wewe.

Uswidi ilipohama kutoka kushoto kwenda kulia, tarehe 3 Septemba 1967, haikutosha kuhamisha vibao. Taa za magari nazo zililazimika kubadilishwa. Sisi tulinunua magari, hesabu hiyo tukaiacha.

Basi, kabla hujatoa fedha, soma kioo cha taa. Ikiwa ina herufi E ndani ya duara, tafuta mshale. Ukiitazama taa kutoka mbele, mshale unaoelekea kulia kwako ni wa nchi zinazopita kushoto. Mshale wenye ncha mbili ni wa taa inayorekebishika kwa pande zote mbili. Isiyo na mshale ni ya nchi zinazopita kulia. Lakini kama herufi E haipo, kukosekana kwa mshale hakuthibitishi kitu. Mwombe muuzaji akubali kuirudisha, kisha ipime ukutani: gari kwenye ardhi tambarare, mita 10 kutoka ukutani, mwanga wa chini. Mstari upande wa kulia ukipanda, taa ni ya huku. Sehemu yake iliyolala iwe kama sentimita 10 chini ya kimo cha balbu.

Yako magari ambayo taa ya kulia haipatikani. Mwenye gari kama hilo aishushe kidogo kwa skrubu zake, au, akiwa mbele ya ukuta huohuo, azibe kwa utepe mweusi sehemu ya kioo inayorusha mwanga juu. Waingereza wanaovuka kwenda Ufaransa hufanya hivyo. Nanyi mnaovuka Kobero kuingia Kabanga, kumbukeni kwamba taa iliyo sahihi huku hugeuka kuwa kosa kule. Ninyi ndio wenye haja ya ile ya ncha mbili.

Kuhusu balbu nitasema machache. Penye balbu ya H4 ya wati 60 na 55, usitie ya wati 100. Joto huyeyusha soketi na nyaya. Balbu ya LED ndani ya bakuli lililopigiwa hesabu ya waya wa halojeni mara nyingi hutawanya mwanga ovyo, na katika ukungu wa Bugarama mwenyewe ataona ukuta mweupe tu.

Za nyuma wengi huzichagua kwa urembo. Mimi sizipendi kabisa zile zilizotiwa weusi: jua likiwaka, breki haionekani. Balbu ya nyuma yenye nyaya mbili ina wati 5 za kutembea na 21 za breki. Ukikubali fundi alazimishe isiyofaa, zote zikawaka sawa, aliye nyuma yako hatajua umesimama. Mweke mtu nyuma ya gari, ukanyage breki taa zikiwa zimewashwa, akueleze anachokiona.

Wenye nafasi wabaki jioni hii. Ukuta ulio nyuma yangu umepakwa chokaa, mstari umechorwa, na hakuna atakayetozwa faini kwa kupima.