Kinywa Kikishindwa, Mkono Husema
(Hotuba ya mwenzetu, muuguzi mstaafu, mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya uuguzi wa wagonjwa wa akili, kazi niliyoifanya kwa miaka 31. Nimeona afadhali nianzie hapa hapa, kwa maana somo langu la kwanza la kazi hiyo sikulipata chuoni. Nililipata nyuma ya jiko la shule.

Mwaka 1976, nikiwa kidato cha pili, ilikuja telegramu kwamba mama amefariki. Nilisafiri kwa gari moshi siku mbili, nikakuta ameshazikwa. Wajomba walinishika bega wakaniambia, "Jikaze, wewe ni mwanamume." Nikajikaza. Nilirudi shuleni bila kulia, wala sikumwambia mtu. Lakini chakula hakikupita, usingizi ulinikimbia, na katika mtihani wa muhula mimi niliyekuwa wa 4 nikawa wa 38. Nilichapwa kwa uvivu, na mimi mwenyewe nikaamini kuwa ni mvivu.

Aliyenitambua ni mzee mpishi, aliyekuwa akiongoza kikundi cha ngoma jioni. Wenzangu wa miaka ile mnamkumbuka. Nilimwamkia, akaitikia, asiniulize neno jingine. Alinipa chapuo akasema, "Shika hii, mwanangu. Fuata mkono wangu." Nikaufuata wiki tatu. Jioni moja, ngoma ikiwa imepamba moto, machozi yakanitoka, nikalia kwa sauti huku nikipiga. Hakuna aliyenicheka, kwa kuwa mlio wa ngoma ulinifunika. Na mzee hakusimamisha mdundo mpaka nilipomaliza. Usiku ule nililala.

Nilipoingia chuo cha uuguzi nilidhani hayo yalikuwa mambo ya jikoni tu. Kumbe wataalamu nao walikuwa wameyafikia kwa njia yao. Mwaka 1938 mchoraji Mwingereza, Adrian Hill, alilazwa kwa kifua kikuu katika hospitali ya Midhurst. Siku zile dawa ya kuua vijidudu vya ugonjwa huo ilikuwa haijapatikana. Mgonjwa alilala tu, mwezi baada ya mwezi. Hill akachora vitu vilivyokuwa karibu na kitanda chake, akaona moyo unapata nafuu. Akawafundisha wagonjwa wenzake, miongoni mwao askari waliotoka vitani. Mwaka 1942 akaipa kazi hiyo jina la tiba kwa sanaa, na mwaka 1945 akatoa kitabu juu yake.

Kuna na kalamu ya kuandikia. Mwaka 1986 Wamarekani James Pennebaker na Sandra Beall walitangaza jaribio lao. Wanafunzi wa chuo kikuu waliandika dakika 15 kwa siku, siku nne mfululizo. Wengine waliandika mambo ya kawaida. Wengine, jambo lililowaumiza kuliko yote maishani. Walioeleza jambo lenyewe pamoja na uchungu wake walihuzunika zaidi siku zile zile, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kwa daktari wa chuo mara chache zaidi. Majaribio ya baadaye yameonyesha kuwa faida hiyo aghalabu ni ndogo, na si kwa kila mtu. Sikuja hapa kuwauzia uganga.

Wala tusiseme kuwa haya ni mambo ya Wazungu. Katika lugha yetu ngoma ni chombo, ni mchezo, na tena ni shughuli ya kumganga mgonjwa. Na jirani zetu wa Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994, wametuonyesha mfano. Mwaka 2004 Bibi Odile Gakire Katese alianzisha huko Butare kikundi cha wanawake wapiga ngoma, Ingoma Nshya, ingawa kwa desturi yao kupiga ngoma ilikuwa kazi ya wanaume. Waliofiwa na wale ambao jamaa zao waliua walikaa pamoja wakapiga mdundo mmoja.

Wodini kwangu aliwahi kuletwa mvuvi ambaye nduguye alizama baharini mbele ya macho yake. Kwa majuma kadhaa hakutamka neno. Siku moja aliokota mkaa akachora sakafuni mashua yenye watu wawili. Mfagiaji akafuta, kesho yake akachora tena. Nikamletea karatasi. Siku ya kumi na moja alichora mashua yenye mtu mmoja. Nikamwambia, "Nieleze habari za mashua hii, kaka." Akalitaja jina la nduguye. Sisemi kuwa mkaa ndio uliomponya. Dawa alikuwa akimeza, na daktari akimwona. Nasema mkaa ulifungua mlango ambao sisi tulikuwa tukiugonga bure.

Angalieni, vijana, sikumsifu kwa uchoraji wala sikumsahihisha. Katika kazi hii hakuna picha mbaya. Jambo lililokuwa likimkaba mtu kifuani sasa liko mbele yake, juu ya karatasi. Anaweza kulitazama, kuligeuza, kumwonyesha mwingine, au kulikunja akaliweka. Lakini mwenzako akisema anataka kujiua, au akisikia sauti zisizokuwapo, usimpe ngoma ukaondoka. Kaa naye, umwite mwalimu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Ndugu Mwenyekiti, asubuhi nilipita kwenye chumba chetu cha uchoraji. Kimejaa vitanda vibovu. Ngoma ziko stoo, ngozi zimeliwa na panya. Najua leo tutapiga kura michango ya mwaka huu yote iende kwenye ukuta wa shule. Ukuta nauunga mkono. Lakini ukuta utamzuia mwizi. Hautamsaidia mtoto aliyepokea habari ya msiba jana na leo yuko darasani anajikaza. Naomba tutenge fungu dogo la ngozi, rangi na karatasi, na Mwalimu Mkuu atupe jioni mbili kwa wiki, bila alama wala mashindano. Ngozi za ngoma mbili nitazilipia mimi, kwa ukumbusho wa mzee wetu wa jikoni.

Nanyi wanafunzi, mkimwona mwenzenu amenyamaza ghafla na alama zake zimeshuka, msikimbilie kumwita mvivu. Mkaribisheni kwenye ngoma.